Kuni za Kilio Hazirudi Nyumbani

Kwetu Rumonge, kando ya ziwa, mtu akiona kamera uani haulizi kama ni filamu. Anauliza ni arusi ama ni kilio. Siku hizi hakuna anayezikwa bila kameramani, kwa sababu ndugu walio Uvira, walio Kigoma, mpaka wale wa Kanada, wote wanataka kuona nani alikuja, nani alilia, na nani alikula bila kulia. Kwa hiyo kamera ikisimamishwa mbele ya nyumba, hata mbuzi hashtuki. Ninalisema hili mapema, maana nisipolisema mtadhani watu wa katiye yetu, mtaa wetu huu, ni wajinga, na hilo sitalikubali.

Filamu ilikuwa ya kwaya yetu. Kameramani mmoja wa hapa hapa, aliyezoea kupiga arusi na vilio, alituambia kwamba vijana wanakaa kwenye vibanda vya video wakitazama watu wakichinjana, na kwamba sisi watu wa Mungu tumekaa tu. Tukaona aibu. Wazee wa kanisa walikubali, lakini kwa masharti. Mlevi wa filamu asishike chupa ya bia, hata ikiwa na chai ndani, kwa sababu mpita njia ataiona chupa na hataiona chai. Basi mlevi wetu alilewa kwa jagi la plastiki la buluu. Msichana mbaya ilibidi avae gauni la kufika chini, ubaya wake ukabaki kwenye miwani ya jua. Nilicheka mpaka nikashika mbavu.

Mimi nauza mawese sokoni. Siimbi vizuri, lakini nina sauti ya kuamuru watu, kwa hiyo nilipewa kazi ya nguo na chakula. Mtu wa besi wa kwaya, mwanaume mkubwa mwenye tumbo la kwake peke yake, ndiye aliyenitesa. Alikuwa mvuvi wa filamu, na kila mara nilimkuta amekaa karibu na sinia la maandazi.

Hadithi yenyewe haikuandikwa popote. Kameramani aliisema, sisi tukaishika kichwani. Kijana mvuvi anaacha kusali, anaanza kunywa, ziwa linamuua. Mwili unaletwa kwa mama yake. Mama analia. Mhubiri anakuja, anaomba, kijana anafufuka, watu wote wanaokoka, kwaya inaimba. Mwisho.

Niliposikia, damu ilinichemka.

"Wewe," nilimwambia kameramani, "umeshawahi kuvua wewe? Hata ndoo ya kuoga unaiogopa. Nani alikuambia ziwa linachagua wasiosali?"

"Dada, ni mafundisho tu," alisema.

"Mafundisho! Kama ni hivyo, kuna watu pale sokoni wangekwisha bebwa na maji wakiwa wananawa miguu."

Alijua kwa nini ninapiga kelele. Wote walijua. Mdogo wangu, mtoto wa mwisho wa mama, alikuwa mwimbaji wa kwaya hii hii, na alikuwa mvuvi wa ndagala, dagaa wa ziwa letu. Kabla ya kusukuma mtumbwi alikuwa anatia mkono majini na kusali, na wenzake walimtania kwamba anawasalimia samaki. Siku moja upepo ulishuka kutoka milima ya Kongo, na mtumbwi wao ukapatikana umepinduka upande wa Nyanza-Lac. Wenzake walitupwa ufukweni mmoja mmoja, tukawazika. Yeye hakutupwa. Wavuvi walimtafuta mpaka wakachoka, na wakarudi kutuambia kwa macho, hawakuweza kwa mdomo.

Mama hakulia. Yeye alitoka upande wa Fizi, Kongo, akikimbia vita, mimi nikiwa mgongoni, na ameshazika watu wengi kuliko ninaoweza kuwataja. Anajua kulia. Lakini kwa huyu alikataa.

"Nilie nini?" alituambia. "Mwili iko wapi? Nimeuona mimi?"

Kilichoniumiza ni ile sahani. Mdogo wangu alikuwa na sahani yake ya bati, nyeupe, yenye maua ya buluu pembeni. Kila jioni mama aliipakulia, akaifunika, akaiweka kwenye kabati. Asubuhi kuku walikula. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kula humo, hata wageni wakizidi sahani. Miaka ikapita hivyo. Mama alikuwa anakauka mbele yangu, vidole vyake vikawa kama vijiti vya kuwashia moto. Na kwetu watu hawakai kilio kwenye nyumba ambayo mwenye mtoto hajalia. Katiye nzima, Waislamu kwa Wakristo, ilikuwa imeweka machozi yake kando ikingoja mama apige yowe moja tu. Mimi niliogopa nitakuja kumzika yeye akiwa bado anangoja.

Sasa, mwanamke wa kwaya aliyekuwa amechaguliwa kucheza mama wa mvuvi akaugua malaria. Kameramani alikuwa amekwisha kuazima jenereta, hakuweza kuahirisha. Tulikuwa tumekaa uani kwetu, kwa sababu ndio uwanja mpana kuliko nyumba zote za kwaya, tukiulizana nani atacheza. Mama alikuwa anachambua maharage mlangoni.

"Mimi nitacheza," akasema.

Nilicheka, nikidhani anatania. Hakuwa anatania.

"Mama, hapana. Unajua kinachotokea mule?"

"Najua. Mutoto anakufa, mama analia, mutoto anaamuka."

"Ni mchezo, mama!"

"Najua iko mchezo. Mimi siko mujinga." Akaendelea kuchambua maharage yake. "Nataka kumuona akiamuka."

Jamani. Nikageuka nikaenda jikoni, nikasugua sufuria ambayo ilikuwa safi.

Tulipiga sehemu hiyo mchana wa siku iliyofuata, jua likianza kulegea. Mtu wa besi alilazwa kwenye mkeka katikati ya uwanja, akafunikwa shuka jeupe. Miguu ikabaki nje, ikabidi niongeze kitenge. Mwalimu wa shule ya msingi, ambaye ndiye mhubiri wetu wa filamu, alisimama nyuma ya jiko na tai yake na Biblia kwapani, akingoja zamu yake ya kufufua. Mama alikaa chini karibu na kichwa cha maiti. Maneno yake yalikuwa mafupi: mwanangu, uliacha kusali, ona sasa.

Aliyasema kama mtu anayeuliza bei ya nyanya.

"Mama, tafadhali, kwa uchungu kidogo," alisema kameramani.

"Uchungu wa nani?"

Wakarudia. Wakarudia tena. Kwaya ikaanza kucheka kwa kuficha midomo, na maiti naye shuka likawa linatikisika. Nikampiga teke dogo unyayoni. Kameramani akakuna kichwa, kisha akapata wazo: huyu amekufa majini, lakini mbona amekauka kama muhogo wa kuanikwa? Akatuma ndoo ziwani. Ikaletwa imejaa, wakammwagia mtu wa besi kichwani na kifuani, naye akaguna kwa baridi, wakamfunika upya.

"Mama, safari hii umfunue uso, umpanguse," alisema kameramani. "Twende."

Mama akafunua shuka. Akashika pembe ya kitenge chake, akaanza kumpangusa maji usoni, taratibu, kwenye nyusi, kwenye masikio, jinsi tunavyowapangusa watu wetu. Nilikuwa karibu, na hata mimi niliisikia ile harufu. Maji ya ziwa letu pale wanaposhushia mitumbwi yana harufu yake: ndagala, magamba, mafuta ya taa za wavuvi. Ndiyo harufu aliyorudi nayo mdogo wangu kila asubuhi, akaingia nayo mpaka ndani, na mama akamfukuza akaoge kwanza.

Mkono wa mama ukasimama.

Akapiga yowe. Sijui niliseme vipi. Sikuwahi kuisikia sauti ile na ni mama yangu. Ilianza chini, ikapanda, kuku wakatawanyika, na mimi nikajikuta nimekaa chini bila kujua nimekaaje.

"Ulikuwa unasali!" alilia. "Ulikuwa unasali, mutoto wangu, na maji ikakubeba! Ulikuwa unasali!"

Hayo hayakuwa maneno ya filamu. Hakuna aliyemsahihisha.

Wa kwanza kuja alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mama wa Kiislamu anayekaanga vitumbua. Mimi na yeye tulikuwa hatuongei tangu kuku wetu walipoingia kwenye unga wake. Alisukuma geti kwa goti, mzigo wa kuni kichwani, machozi yanashuka. Hakuuliza chochote. Nyuma yake nikasikia kule njiani neno linapita mdomo kwa mdomo: "Amepatikana! Ziwa imemurudisha!"

Ee Mungu wangu. Hapo ndipo nilipoelewa. Walisikia yowe walilolingoja miaka yote, wakaona mkeka, wakaona shuka jeupe limelowa, wakaona kamera. Ungekuwa wewe ungefikiri nini?

Wakaja. Ninasema wakaja, na nywele zinanisimama mpaka sasa. Wanaume walikuwa wanatoka msikitini kusali alasiri, wakaingia na kofia zao, wakivua viatu getini. Wavuvi waliacha nyavu walizokuwa wanashona, wakaja na mchanga miguuni. Wamama wa Kikongo wa soko la samaki waliingia wakiwa tayari wameanza wimbo. Huyu na mkungu wa ndizi, yule na unga wa muhogo kwenye beseni, mwingine na galoni la maji, na wengi, wengi sana, na kuni. "Mwihangane," walituambia kwa Kirundi, yaani vumilieni, mmoja baada ya mwingine, wakinishika mkono kwa mikono miwili. Watu wenye madai, watu wenye ugomvi, watu ambao nilidhani wamemsahau mdogo wangu. Walikaa chini kwenye vumbi kumzunguka mama, wakalia naye, na kilio chao hakikuwa cha adabu. Kilikuwa kimeiva.

Kameramani mwanzoni alifurahi, nilimwona. Alikuwa anazungusha kamera huku na huku na kusema chini chini, "Tazama watu! Tazama watu!" Kisha akatoa jicho kwenye kamera, akawatazama kwa macho yake mwenyewe. Mwalimu mwenye tai alinitazama kama mwizi aliyesikia polisi. Kazi yake ilikuwa kutoka pale na kumfufua maiti mbele ya watu wote hao. Alirudi kinyumenyume mpaka akaingia jikoni.

Na chini ya shuka, mtu wa besi. Maskini ya Mungu, hakuthubutu kupumua.

Mvuvi mmoja mzee, aliyeongoza kumtafuta mdogo wangu siku zile, alikuja akachuchumaa karibu nami. Alikuwa amekwisha kupangusa uso.

"Dada," alisema, "kaburi tunachimba wapi? Vijana wako na majembe."

Hapo sikuweza kuendelea. Nilisimama.

"Baba zangu, mama zangu, nawaomba," nikasema. "Huyu si yeye. Hajapatikana. Tulikuwa tunacheza filamu ya kwaya."

Nilijua kwamba kumchezea kifo mtu ambaye kifo kimeingia kwake ni jambo ambalo watu wanaweza kukupigia mawe, na kuni zilikuwa pale pale. Jirani yangu wa vitumbua akajikokota mpaka kwenye mkeka, akainua pembe ya shuka. Mtu wa besi akafungua jicho moja.

"Amahoro, mama," akamsalimia kwa kunong'ona.

Jirani akamfunika tena polepole, kama anavyofunikwa mtoto aliyelala. Akanigeukia.

"Nisamehe, jirani," nilimwambia. "Chukua kuni zako. Nitakusindikiza."

"Una wazimu wewe?" Alisimama, mikono kiunoni. "Kuni za kilio hazirudi nyumbani! Unataka nizirudishe kwangu, zikaite msiba mwingine mlangoni pangu? Kuku hawakutosha?"

Hakuna aliyecheka, maana kila mtu pale alijua ni kweli. Kuni ukishazibeba kwenda kwenye kilio, haziwezi kugeuka njiani. Zinaungulia pale pale.

"Halafu unafikiri tulikuja kumlilia huyu mla maandazi?" aliendelea, na sauti yake ikakatika. "Tulikuja kwa yule. Yule wetu. Nani ameshamlilia yule?"

Watu wote wakamtazama mama. Mimi niliogopa kumtazama. Angeweza kusimama, akajipangusa, akasema kama siku zote kwamba hajaona mwili. Angeingia ndani, na jioni angepakua sahani, na sijui kama angefika mwaka mwingine.

Kameramani akainama karibu yake. Nadhani alitaka kuokoa mambo.

"Mama, tumalizie," alisema kwa unyenyekevu. "Mwalimu aje aombe, kijana aamke, watu wote waone kwamba ilikuwa mchezo."

Mama aliweka kiganja juu ya shuka, palipokuwa kifua.

"Muache," akasema. "Musimuamushe."

"Mama," nilisema, nami nilikuwa nalia, "si ndiyo sehemu uliyoitaka?"

"Najua." Hakuniangalia. Aliangalia lile shuka lililolowa. "Nimechoka kumuamusha kila siku, mwana wangu. Kila siku namuamusha, kila siku. Leo alale."

Kisha akainamisha kichwa akalia, lakini safari hii kwa sauti ndogo, sauti ya mtu aliyefika.

Jirani yangu alipiga magoti, akapanga mafiga, akaniagiza kiberiti kana kwamba hatujawahi kununiana. Moto ukawashwa katikati ya uwanja, na wanaume wakakaa kuuzunguka. Upande mmoja watu wa msikiti waliinua mikono wakaomba kwa namna yao. Upande mwingine kwaya ikaimba, na waliimba bila besi, kwa sababu besi ilikuwa imelala. Hakuna aliyemlazimisha. Alibaki pale chini ya shuka kwa hiari yake mpaka kivuli cha ukuta kikafunika uwanja wote, kwa sababu, alivyoniambia baadaye, aliona ni vibaya kusimama kabla hawajamaliza. Yeye ambaye hawezi kukaa kimya hata kwenye mahubiri. Sikumtania tena kuhusu maandazi, au basi, si kwa wiki hiyo.

Wamama walisonga ugali, ndagala zikaungwa na mawese yangu mwenyewe. Chakula kilipoiva mama aliinuka. Aliingia ndani, na nilijua anakwenda wapi. Akatoka na ile sahani nyeupe yenye maua ya buluu. Akaipakulia mwenyewe, kwa wingi, akaenda nayo mpaka kwenye mkeka, akafunua shuka.

"Sasa wewe, mutoto wa watu," alimwambia mtu wa besi. "Inuka ukule."

Yule mwanaume mkubwa aliinuka, nguo zimemkaukia mwilini, akaipokea kwa mikono miwili. Alikula akilia, na mama alikaa mbele yake akimtazama kila tonge mpaka akamaliza. Nimesali makanisa mengi, nimesikia wahubiri wa maikrofoni tatu. Sijawahi kuhisi nimesimama mahali patakatifu kama pale, kati ya jiko na banda la kuku.

Filamu ilionyeshwa kwenye ukuta wa kanisa. Wazee walikuwa wametaka sehemu ya ufufuo ipigwe upya mahali pengine, na yale maneno ya mama yatolewe, kwa kuwa filamu ya imani lazima ionyeshe kwamba Mungu anajibu. Kameramani, yule yule wa mafundisho, alikataa. Akaiacha ikaishia pale pale, mama na kiganja chake juu ya shuka. Watu walitoka bila kupiga makofi. Waislamu wa katiye walikuja wengi kuliko tunavyowaona siku yoyote, wakijitafuta ukutani, na mpaka leo kuna wanaobishana sokoni kama ile ni filamu ya dini kweli, ikiwa haina muujiza. Mimi mbishi mkubwa, hapo sibishani. Napima mawese yangu.

Na jirani? Tuligombana tena, kuku ni kuku. Lakini siku ile ya kilio, watu walipokuwa wanaondoka, mama alimjazia chakula cha kupeleka kwa wajukuu wake, kwenye sahani ya kwanza aliyoishika. Nyeupe, maua ya buluu. Niliiona ikipita getini. Iko kwake mpaka leo, wajukuu wake wanaitumia kwa uji. Mama hajaiulizia.